Malango ya Kanjogera

Basi la kutoka Musanze likishapita Mahoko huanza kuteremka kwa kona kali, na kabla hujaliona Ziwa Kivu unaiona Nyundo: kanisa kubwa la matofali mekundu kilimani, chai ya Pfunda imetandaa mabondeni, na Mto Sebeya unapita chini na maji yake ya udongo. Abiria wenzangu hawakugeuza hata shingo. Walikuwa wanakwenda Gisenyi, mji ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 serikali huuandika Rubavu na wenyewe wameendelea kuuita Gisenyi, na mawazo yao yalikuwa kwenye mizigo na mpaka. Mimi nilimwomba dereva anishushe, kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye pale Nyundo sikuona kibao hata kimoja kinachomtaja.

Jina lake ni Kanjogera. Kuanzia mwisho wa 1896 hadi Novemba 1931 yeye na mwanawe, Yuhi V Musinga, ndio waliokalia enzi ya Rwanda, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kila mtu ikulu alijua ni sauti ya nani inayotangulia. Alikuwa binti wa Rwakagara, wa ukoo wa Abega, na mmoja wa wake wa Kigeli IV Rwabugiri, yule mfalme wa vita. Rwanda ya kale haikuwa na mtawala mmoja. Mfalme alitawala pamoja na mama yake, umugabekazi, mwenye makazi yake, ng'ombe wake, watumishi wake na neno lake katika mambo ya dola. Waganda, wenye Namasole wao, hawatashangaa. Na kama mama mzazi wa mfalme alikuwa amefariki, alitafutwa mwanamke mwingine wa kushika nafasi hiyo.

Hapo ndipo Rwabugiri alipojichimbia shimo. Mwaka 1889 alimsimika mwanawe Rutarindwa kuwa mtawala mwenza, na kwa kuwa mama wa kijana huyo hakuwa hai, akampa Kanjogera awe mama yake wa enzi. Kanjogera huyo alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, wa kiume, Musinga. Ni kama kumwachia mwenye njaa ufunguo wa ghala na kumwambia amtunzie jirani.

Mwaka huohuo wa 1889, kule Japani, ambako wanawake wanane walikuwa wamewahi kukalia kiti cha enzi kwa nyakati mbalimbali, sheria mpya ya nasaba ya kifalme iliandika bayana kwamba kiti hicho ni cha wanaume. Rwanda haikuwa na haja ya kuandika. Mwanamke hakuwa mfalme, alikuwa mama wa mfalme, na kwa anayejua kazi yake hiyo ilitosha kabisa. China nako, katika miaka hiyohiyo, mama mwingine wa kifalme, Cixi, alikuwa akiiendesha dola kubwa kwa mtindo huohuo.

Rwabugiri alifariki 1895 akiwa katika safari ya vita kuelekea Bushi, ng'ambo ya ziwa hilihili. Mwaka uliofuata askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi, kusini mwa ziwa, na jeshi la Rwanda likaenda kuwafukuza kwa mikuki na pinde. Likachinjwa kwa risasi. Bisangwa, mmoja wa watu ambao Rwabugiri aliwategemea wamlinde Rutarindwa, akafa hapo. Shangi iliifundisha ikulu mambo mawili kwa siku moja: kwamba bunduki haina mjadala, na kwamba kijana aliyerithi enzi amebaki mtupu mgongoni.

Desemba 1896, mahali panapoitwa Rucunshu, si mbali na Muhanga ya leo, watu wa Kanjogera na wa kaka zake Kabare na Ruhinankiko waliingia vitani na watu wa Rutarindwa. Mfalme alipoona ameelemewa alijifungia ndani na mkewe na watoto wake, nyumba ikawaka moto, wakateketea humo. Karinga, ngoma kuu ya enzi, ilikuwa katika moto huo. Inasimuliwa kwamba Kabare alipoletewa habari ya ngoma hakushtuka: mfalme tunaye, akasema, ngoma huchongwa. Musinga akawekwa kitini akiwa bado kijana mdogo, na mama yake akavaa jina la enzi la Nyirayuhi.

Kilichofuata ndicho ambacho Wanyarwanda wengi wanakikumbuka. Ndugu wa Rutarindwa na watu waliompenda waliwindwa mmoja baada ya mwingine. Masimulizi yanampa Kanjogera upanga wake mwenyewe, wenye jina, Ruhuga, na mambo anayosimuliwa kuyafanya kwa upanga huo siwezi kuyaandika kabla ya chakula. Baadhi yameongezwa chumvi, maana ushindi wa mwanamke huongezewa chumvi haraka. Lakini damu yenyewe haikuongezwa na mtu. Rwabugiri naye alimaliza wakuu wake kwa wingi na kuvamia majirani mara kwa mara, na leo anatajwa kwa fahari, shujaa aliyepanua nchi. Yeye ni simba, mkewe ni mchawi. Hesabu hiyo haijawahi kuniingia akilini.

Lakini sikushuka Nyundo kutafuta upanga.

Mamlaka iliyopatikana kwa moto ina tatizo moja: kila asubuhi inaamka ikiulizwa uhalali wake. Kanjogera na kaka zake walijua kwamba nchi nzima ina watu wanaojua Rucunshu ilikuwa nini. Kwa hiyo Wazungu walipobisha hodi, ikulu iliyokwisha kuona Shangi haikuwarushia mikuki. Iliwapokea, ikawapima, ikawazungusha. Wajerumani walikuja 1897 na ahadi yao ya ulinzi, ikapokewa. Februari 1900 Askofu Hirth alipofika Nyanza, makao ya ikulu, kuomba mahali pa kujenga, alitolewa mtu mzima anayeitwa Mpamarugamba, aliyejifanya mfalme, huku Musinga halisi amefichwa. Richard Kandt, daktari wa Kijerumani aliyefika miaka miwili kabla yake, alichezewa mchezo huo na akaung'amua. Nimesoma kisa hiki kikiandikwa kama ushamba wa ikulu. Mimi naona akili ya mama aliyekwisha kuona jinsi mfalme anavyoweza kupotea kwa mchana mmoja.

Ombi la Hirth lilikubaliwa, lakini tazama mapadri walipelekwa wapi. Save, kusini. Zaza, katika Gisaka, nchi iliyomezwa na Rwanda na isiyosahau. Mwaka 1901, Nyundo, hapa Bugoyi. Mwaka 1903, Rwaza kaskazini na Mibirizi kusini magharibi. Walipangwa pembeni, na wengi wao katika nchi ambazo amri ya ikulu ilifika ikiwa imechoka. Bugoyi ilikuwa ya watu waliofyeka msitu wenyewe, wenye wakuu wa koo zao na ardhi yao, na mjumbe wa Nyanza aliyekuja kudai kodi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kuwaweka wageni hapa kulikuwa kuwatupa mbali na moyo wa nchi na papo hapo kuwaongezea wakaidi kero. Hesabu nzuri, ila ilikosea mahali pamoja: mapadri hawakukaa kama watu waliotupwa. Walikusanya wafanyakazi, waliamua kesi, walikinga wakulima dhidi ya wakuu. Baada ya muda mfupi kilimani Nyundo kulikuwa na ikulu nyingine ndogo.

Nilipanda hadi uani kwa kanisa wakati wanafunzi wa shule ya sanaa, iliyoanzishwa hapa 1952, walikuwa wanateremka na mbao zao za kuchorea. Mwaka huo huo wa 1952 Nyundo ilipata Aloys Bigirumwami, askofu mweusi wa kwanza katika makoloni ya Ubelgiji. Alikuwa wa uzao wa wafalme wa Gisaka, nchi ileile ambayo ikulu iliwatupia mapadri wa Zaza, na alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya mila, hadithi na methali za Wanyarwanda, zikiwemo zile ambazo mapadri waliomtangulia walikuwa wamezilaani. Mahali hapa pamebeba na mengine. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia kanisani na seminarini waliuawa humo. Na usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika na kubomoa nyumba bondeni. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua zaidi ya watu 130 katika magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Alama ya tope bado inaonekana kwenye kuta za chini, juu ya kiuno changu, na mtu amepaka rangi mpya hadi pale inapoanzia, akaishia hapo.

Kutoka Nyundo hadi mjini ni mwendo mfupi wa pikipiki. Ziwa linatokea ghafla, jeupe wakati huo wa mchana, na upande wa kulia, kama mawingu yameamua kukuhurumia, unasimama Nyiragongo na moshi wake. Graf von Götzen aliupanda mlima huo Juni 1894, siku chache baada ya kuonana na Rwabugiri huko Kageyo. Watanzania wanamjua kwa mengine: ndiye aliyekuwa gavana wakati wa Majimaji, na meli ya Liemba ya Kigoma ilizaliwa na jina lake. Mlima wenyewe hauna habari na magavana. Ulilipuka 1977, ukalipuka 2002, ukalipuka Mei 2021, na matetemeko ya mara hiyo ya mwisho yalipasua nyumba nyingi za Rubavu, hivi kwamba mpaka leo ukitembea mitaa ya juu unaona kuta zilizofungwa mishono ya saruji.

Kuna mtaa unaitwa Majengo. Msomaji wa Moshi, Mombasa au Nairobi hahitaji kuelezwa umeanza vipi: askari, wapagazi, wafanyabiashara, msikiti, chai. Kiswahili kilijenga nyumba hapa kwa mkono wa Wajerumani, walioweka kituo chao Gisenyi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na wafanyabiashara waliowafuata nyuma. Tusisahau kwamba kilipita hata ndani ya ikulu. Musinga alijifunza Kiswahili, akakisoma na kukiandika, maana ndiyo lugha aliyoweza kuzungumzia na serikali ya Kijerumani bila kumwachia mkalimani kila neno. Rwabugiri aliwazuia wafanyabiashara wa Pwani wasiingie nchini mwake. Katika enzi ya mkewe, lugha ya wafanyabiashara hao ikawa chombo cha mfalme. Bunge la Rwanda lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi Februari 2017, Gisenyi ilikuwa haijawahi kuacha kukizungumza, na Goma iliyo hatua chache tu ilihakikisha hilo.

Nilikaa kwenye kibanda cha chai, nikamwamkia mzee aliyekuwa mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe wewe wa Tanzania." Wengine hapa husalimia kwa habari, shikamoo inakuuza mara moja. Akanisogezea sukari. "Umekuja biashara?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza habari za Kanjogera. Alinitazama kidogo, kisha akamgeukia mama aliyekuwa anageuza chapati kwenye kikaango na kusema naye Kinyarwanda, nikasikia jina. Mama hakugeuka.

"Amemuoa?" akauliza, kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie.

Kibanda kizima kikacheka. Mzee alinifafanulia bila haraka kwamba mwanamke akiwa mkali, akiwa na mume asiyefurukuta, jina lake la pili ni hilo. Wanamwita mwalimu mkali hivyo, wanamwita mama mkwe hivyo. "Lakini mtu akiitwa Rwabugiri, mwanangu, hilo ni sifa," akasema, nami sikuwa nimemwuliza.

Jina hilo liliwahi kupanda ngazi na kuingia ikulu nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi vilipoanza na magazeti yakafunguka midomo, watu walimbandika Agathe Kanziga, mke wa Rais Juvénal Habyarimana, jina la Kanjogera, wakimaanisha kwamba nguvu halisi iko kwake na kwa ndugu zake. Wote wawili, mke na mume, walizaliwa Giciye, katika iliyokuwa wilaya kuu ya Gisenyi. Agathe anatoka Bushiru, tena katika ukoo wa watawala wa kale wa huko, na Bushiru ni moja ya zile nchi ndogo za kaskazini zilizoikataa ikulu ya Nyanza mpaka miaka ya 1920, Wabelgiji walipoisaidia Nyanza kuziingiza. Yaani binti wa watu waliomkataa Kanjogera ndiye aliyeishia kuitwa Kanjogera. Mwenyewe amekana tuhuma zote zinazohusu 1994, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Jina la utani, kama ilivyo desturi ya majina ya utani, halikungoja mahakama.

Mwaka huo wa 1994 una jambo jingine linalohusu malkia, na mkia wake uliishia Gisenyi. Rosalie Gicanda, mjane wa mjukuu wa Kanjogera, Mutara III Rudahigwa, alikuwa akiishi Butare kwa utulivu mkubwa, mama mzee asiye na cheo wala adui. Tarehe 20 Aprili askari walimtoa nyumbani na kumwua. Kapteni Ildephonse Nizeyimana alihukumiwa Arusha kwa kosa hilo pamoja na mengine. Miezi michache baadaye serikali ya muda iliyosimamia mauaji hayo ilikuwa imejibanza Gisenyi, katika hoteli za ufukweni chini ya miti hii ambayo leo vijana wa Kigali wanapigia picha za harusi, na Julai ikavuka mpaka kuingia Goma, pamoja na mamia kwa maelfu ya watu.

Mpaka wenyewe, upande wa Petite Barrière, ni kelele. Akina mama wa vitenge wanavuka na mabeseni ya nyanya, karoti, vitunguu, unga, kuku waliofungwa miguu. Watu wenye ulemavu wanasukuma baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa mizigo hadi mwendeshaji haonekani, biashara ambayo wameishika kwa miaka mingi. Biashara hii ni kongwe kuliko mpaka. Zamani watu wa Bugoyi walinunua ng'ambo bangili zilizosukwa kwa nyuzi za mimea, ubutega, zilizotengenezwa na Watembo wa magharibi ya ziwa, na bangili hizo zilitumika kama fedha. Uliokata njia hiyo katikati ni mkutano wa Brussels wa Mei 1910. Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walikaa mezani na kugawana: Ijwi, kisiwa ambacho Rwabugiri alikiteka, kikaenda Kongo ya Wabelgiji pamoja na ardhi ilipo Goma, Bufumbira ikaenda kwa Waingereza. Nyanza haikuwa na kiti katika mkutano huo. Mlinzi aliyepokewa 1897 aligawa mali ya mlindwa.

Kwa haki, mlinzi huyo alilipa pia kwa upande wake. Mwaka 1912 kaskazini iliwaka kwa ajili ya Ndungutse, aliyejitangaza kuwa mwana wa Rutarindwa, mzimu wa Rucunshu umerudi kudai chake. Kabla yake alikuwepo Muhumusa, naye akijitaja kuwa mjane wa Rwabugiri, akidai enzi kwa niaba ya mwanawe na kuandamana na nguvu za mzimu wa Nyabingi. Waingereza walimkamata 1911 na kumweka Kampala hadi alipofariki 1945. Uasi wa Ndungutse ulizimwa na bunduki za Kijerumani Aprili 1912, vijiji vikachomwa. Bila bunduki hizo sijui kama Nyanza ingelala usingizi mwaka huo. Mjane mmoja wa Rwabugiri alikuwa na Wajerumani, mwingine alikuwa na mizimu, na katika karne ile Wajerumani walifika haraka zaidi.

Deni lililipwa hapa Gisenyi. Vita Kuu ilipoanza 1914 Wajerumani waliiteka Ijwi mwezi Septemba, Wabelgiji wakajibu kwa kuishambulia Gisenyi, na kwa zaidi ya mwaka pande mbili zikachimba mahandaki na kurushiana mizinga kwenye mstari wa Sebeya. Ikulu ilitoa vijana, Indugaruga, waliofundishwa bunduki na kupigana upande wa Wajerumani. Ng'ombe walichinjwa, mashamba yalikanyagwa, wanaume walibebeshwa mizigo. Aprili na Mei 1916 Wabelgiji waliingia kwa nguvu, Wajerumani wakaondoka, na Bugoyi ikabaki na njaa iliyoitwa Rumanura, iliyoua watu wengi hadi 1918. Nimeuliza wenyeji kadhaa kuhusu Sebeya. Wote walinieleza mafuriko ya 2023. Mmoja tu, mwalimu mstaafu, alitaja Rumanura, na alilitaja kama mtu anayetaja jina la ndugu aliyeaibisha ukoo.

Wabelgiji hawakuwa na deni lolote kwa Kanjogera. Walimchukua yeye na mwanawe kama walivyowakuta, wakaanza kuwapunguza. Kwanza uwezo wa kuua ukaondolewa, kisha wa kuteua wakuu. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa waganga wa enzi, alipelekwa uhamishoni Burundi. Askofu Léon Classe, ambaye alikuja Rwanda akiwa padri kijana katika enzi ya mama huyuhuyu, sasa aliandika na kusema waziwazi kwamba Musinga ni kikwazo. Musinga alikataa ubatizo. Watoto wa wakuu walikuwa wanabatizwa kwa mamia. Mapadri waliotupwa pembeni mwaka 1901 walikuwa wamefika katikati, na hawakuhitaji upanga.

Tarehe 12 Novemba 1931 Gavana Charles Voisin alimtangazia Musinga kwamba ameondolewa. Siku mbili baadaye msafara ulitoka Nyanza kwenda Kamembe, mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu, Kanjogera akiwemo, sasa bibi kizee. Tarehe 16 mjukuu wake Rudahigwa akatangazwa mfalme bila ibada za jadi, bila wale waganga, na Wabelgiji wakichagua siku. Kanjogera alifariki Kamembe 1933. Hakushuhudia mwanawe akipelekwa mbali zaidi mwaka 1940, hadi Moba kwenye Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, alikofia 1944.

Mwanahistoria Alison Des Forges, ambaye kitabu chake juu ya enzi ya Musinga kilitoka 2011 baada ya yeye kufariki, amechora kwa undani jinsi ikulu ile ilivyocheza na wageni. Nikikisoma, huwa najikuta namwonea huruma mtu ambaye sipaswi kumwonea. Kwa upanga Kanjogera aliua mamia. Kwa kufungua malango alipata miaka 35, na kila aliyeingia mlangoni alibaki. Misheni ipo, Kiswahili kipo, mpaka upo, na sioni mfalme yeyote wa kiume wa wakati ule, tukimweka pembeni Menelik wa Ethiopia, aliyepata bei nzuri zaidi sokoni.

Jioni niliteremka Rubona, ng'ambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa kilichopo tangu 1957, harufu ya kimea hewani. Kwenye chemchemi za maji moto wazee walikuwa wametumbukiza miguu hadi magotini, mmoja anamsugua mwenzake goti kwa tope la moto huku wakibishana mpira. Mitumbwi ya isambaza ilikuwa inaondoka, mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavuvi wanaimba ili kasia ziende sawa. Isambaza ni dagaa wa Tanganyika walioletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanjogera hakuwajua. Nilikula sahani nzima, wa kukaanga, na pilipili na limau, kwenye benchi moja na kijana mwenye begi la chuo anayesubiri boti ya kwenda Rusizi, kwao.

Nikamweleza ninachokifuatilia. Alikuwa anamjua Kanjogera vizuri, alimsoma shuleni, na aliniorodheshea waliouawa baada ya Rucunshu kwa majina, bila kukosea.

"Na Kamembe, alikofia," nikauliza, "kuna nini chake?"

Akafikiri, akitafuna.

"Kamembe kuna uwanja wa ndege, kaka. Na mpaka mwingine wa Kongo."